Huenda, inasemekana, inadaiwa, eti: lipi la wapi

Habari iliyokufikia uiandike kwa neno lipi kati ya haya? Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja. Mfano ni mmoja: umepata habari kuwa feri ya Likoni imesimama.

1. Umeona kwa macho yako? "Feri imesimama."

2. Ni dhana yako mwenyewe? "Huenda feri imesimama."

3. Umesikia, na aliyeanza hajulikani? "Inasemekana feri imesimama." Yakishazagaa kutoka soko la Marikiti hadi la Kongowea ni uvumi. Dokezo lililokufikia kabla ya wengine ni fununu.

4. Msemaji anajulikana ila hajathibitisha? Hapa ndipo wengi huharibu. Mtaje: "Abiria wanadai feri imesimama." Ukiandika "inadaiwa" tupu, msomaji atauliza, nani adai? Na habari ikimgusa mtu, tahadhari zaidi. "Anadaiwa kuiba simu" ni tuhuma. "Anadaiwa simu" ni mtu mwenye deni la simu. Kitenzi cha kosa kisikosekane! Tena usiandike "mwizi huyo anadaiwa kuiba", maana ushamhukumu kabla "anadaiwa" halijafika. Huyo ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka kortini, mshtakiwa.

5. Eti huonyesha una shaka na unayoyasimulia: "Mwenye nyumba asema eti maji yatarudi kesho." Usimwekee mtu unayemheshimu.

MASWALI

– Kwa hivyo nikiweka "inadaiwa" kila mahali niko salama?

Hapana. Soma hatua ya 4.

– Nimesoma. Lakini si lisemwalo lipo?

Methali si ushahidi. Jina la mtu likishachafuka, hiyo methali haitamsafishia.

– Shukran mwalimu. Nyanyangu akituuliza husema, "Eti, mshakula?" Hapo ana shaka gani?

Swali zuri sana. Hana shaka yoyote, hiyo ni eti ya kuulizia, nayo hutangulia swali. Ile ya shaka hukaa pale maneno ya mtu mwengine yanapoanza: "asema eti...". Msikilize tena, utaona azitumia zote mbili bila kuzichanganya.

– Na tetesi?

Ni uvumi vilevile. Wapenzi wa kandanda ndio wameishika zaidi: tetesi za usajili.

– Wazee wetu husema "yasemekana". Ni makosa?

Si makosa hata kidogo! Ni "inasemekana" kwa wakati wa -a-: i- ikikutana na -a- hutoa ya-. Ndivyo "unasema" inavyokuwa "wasema", na "ninajua" ikawa "najua". Itumie bila wasiwasi.