Sukuma wiki kwenye gunia, kwa wenye uwanja mdogo

Jamani kama uani kwako ni simenti tupu bado unaweza kulima, kule Kibera Nairobi watu wanalima kwenye magunia miaka mingi tu. Changanya udongo debe mbili na samadi debe moja, ila samadi iwe imeoza kabisa, ukiishika haina joto wala haikunukii, la sivyo miche inaungua. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako, jaza kokoto, zungushia udongo, alafu livute juu kidogo ujaze tena mpaka gunia lijae, hiyo nguzo ya kokoto ndo inashusha maji mpaka chini. Toboa pembeni, panda miche jioni jua likipoa. Miche ikibaki mpe jirani nae aanze.