Kukokotoa ushuru wa forodha ya China ya karne ya 19

Wanafunzi wa historia pale Mlimani wakipata jedwali la forodha ya China, wengi hukimbilia kubadili kila kitu kuwa pauni za Uingereza. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu ushuru ulihesabiwa kwa madini ya fedha, na bei yake ilishuka sana baada ya 1873. Anza na uzito.

Taeli ya Haikwan, yaani kipimo cha forodha ya China, ni gramu 37.8 za fedha, madini yenyewe. Sonara wa Kariakoo atakuelewa ukimwambia ni tola tatu na robo. Haikuwa sarafu ya kushika mkononi, ilikuwa kipimo cha hesabu, na iligawanyika katika mesi 10. Angalia jedwali linataja taeli ipi: taeli 100 za Haikwan ni sawa na 111.4 za Shanghai. Ukizichanganya, umekosea kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Pikuli, kipimo cha uzito wa bidhaa, nayo ni kilo 60.5, frasila nne kasoro kidogo.

Sasa chukua shehena ya chai, pikuli 200. Kiwango cha 1858 kwa chai inayotoka ni taeli 2.5 kwa pikuli, kwa hiyo ushuru ni taeli 500, karibu kilo 19 za fedha. Meli ya tani 400 iliongeza mesi 4 kwa kila tani: taeli 160. Ada hii usiirudie kila safari, maana cheti chake kilidumu miezi 4.

Halafu tafuta asilimia, hatua inayorukwa mara nyingi. Chai ikiuzwa taeli 50 kwa pikuli, 2.5 ni asilimia 5. Ikishuka hadi 20, kiwango kilekile kinakuwa asilimia 12.5, na mkulima anaumia bila sheria kuguswa. Kwa bidhaa zilizopanda bei, serikali ndiyo iliyopunjwa.

Kasumba, yaani afyuni, ihesabu peke yake: taeli 30 kwa pikuli, na kuanzia 1887 ongeza 80 za likini, ushuru wa njiani. Ukizipeleka 110 nyuma hadi 1860 utapata mapato ambayo hayakuwepo.

Jumla utakayopata usiiite mapato ya China. Forodha aliyoiongoza Robert Hart kuanzia 1863 haikuhesabu majahazi ya Kichina, yaliyolipa kwenye forodha ya wenyeji. Baada ya 1901 tenganisha pia kilichokusanywa na kilichobaki, kwani mapato hayo yaliwekwa rehani kwa fidia ya taeli milioni 450 ambayo mataifa ya kigeni yaliitoza China baada ya Uasi wa Mabondia.