Cape Town wakati wa baridi: uliza kuhusu moto kwanza

Wewe unayepanga kwenda kwenye mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch au Franschhoek, karibu na Cape Town, kati ya Juni na Agosti, kabla ya kulipia chumba uliza jambo moja: kinapashwaje joto? Nyumba nyingi za kule zimejengwa kwa ajili ya kiangazi. Baridi ya nje utaivumilia kwa koti. Inayotesa ni ile ya ndani, usiku, mvua ikinyesha. Tafuta penye meko ya kuni au blanketi la umeme, na usikubali jibu la "hakuna baridi sana".

Mizabibu wakati huo haina majani, inapogolewa, kwa hiyo usitarajie kijani cha kwenye picha. Lakini wageni ni wachache, na anayekumiminia mvinyo ana muda wa kuongea nawe. Mimi napapenda zaidi hivyo.

Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mashamba mawili kwa siku yanatosha kabisa. Ukionja usiendeshe, Franschhoek kuna tramu ya watalii inayozungukia mashamba.

Gari la waya linalopandisha watu mlima wa Table Mountain hufungwa kwa matengenezo kila mwaka, kwa kawaida msimu huu, basi angalia tarehe mapema. Siku ikitakata, nenda mji wa pwani wa Hermanus ukaone nyangumi. Huonekana ukiwa umesimama ufukweni tu.