Kuuyumbisha Mtumbwi kwa Sini: Majaribio ya Fomula za Hisabati katika JavaScript

Ukisimama jioni kwenye mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, ukaitazama mitumbwi iliyofungwa kamba, utaona kwamba hakuna hata mmoja unaopanda na kushuka kwa kasi ileile wakati wote. Mtumbwi ukikaribia kilele cha wimbi hupunguza mwendo, husita kidogo, kisha huanza kushuka, na kasi yake huwa kubwa zaidi pale katikati kabla haujatulia tena bondeni. Mwendo wa namna hiyo ndio unaotolewa na sini, ile ile tuliyoifundishwa sekondari kwa pembetatu na majedwali, na wengi wetu tukaiacha huko bila kujua kwamba inaweza kukitikisa kitu kwenye kioo cha kompyuta.

Vijana wengi wanaoanza kuandika skripti za tovuti kwa JavaScript, lugha ya programu inayoeleweka na vivinjari, husogeza vitu kwa kuongeza namba moja moja, kama vile y = y + 1, halafu hushangaa kwa nini mchoro wao unakwenda kama mkokoteni. Njia ninayoipendekeza ni nyingine: usikiambie kitu kisogee kiasi gani, bali iulize fomula kinapaswa kuwa wapi kwa wakati huu. Andika mistari ifuatayo katika faili la maandishi, lihifadhi kwa jina ziwa.html, kisha lifungue kwa kivinjari chochote, huhitaji intaneti.

<canvas id="ziwa" width="600" height="300"></canvas>
<script>
const k = document.getElementById("ziwa").getContext("2d");
function chora(ms) {
  const t = ms / 1000;
  const y = 150 + 20 * Math.sin(2 * Math.PI * t / 4);
  k.clearRect(0, 0, 600, 300);
  k.fillRect(270, y, 60, 14);
  requestAnimationFrame(chora);
}
requestAnimationFrame(chora);
</script>

Mstari wenye Math.sin ndio roho ya jambo lote. Sini hutoa namba kati ya -1 na 1, kwa hiyo 20 iliyo mbele yake ni kimo cha wimbi kwa pikseli, 150 ni usawa wa maji yakiwa yametulia, na 4 ni sekunde ambazo wimbi moja hutumia kupanda, kushuka na kurudi lilipoanzia. Kumbuka kwamba kwenye kioo y huongezeka kuelekea chini, kinyume cha grafu za shuleni, na ndiyo sababu mtumbwi wetu huanza kwa kushuka.

Mtego unaowanasa wengi ni radiani, kipimo kingine cha pembe badala ya digrii. Math.sin haijui digrii. Mtu akiandika Math.sin(90) akitarajia 1, atapata takribani 0.894, kwa sababu kompyuta imehesabu radiani 90, yaani zaidi ya mizunguko 14 kamili. Mzunguko mmoja ni 2 * Math.PI, takribani 6.283, na ukizoea kuiandika fomula kama nilivyoiandika hapo juu, muda ukigawanywa kwa urefu wa mzunguko, hutahitaji kuzifikiria digrii kabisa.

Ipo sababu ya pili ya kuutegemea muda. Kivinjari huiita chora kila kinapokuwa tayari kuchora upya, mara nyingi kama mara 60 kwa sekunde, lakini baadhi ya vioo vya siku hizi hufika 120. Anayeongeza namba moja kila mara atakuta mtumbwi wake unakwenda mara mbili zaidi kwenye simu ya jirani. Anayeiuliza fomula kwa sekunde ataona mwendo uleule kila mahali.

Sasa anza majaribio, na ubadilishe namba moja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha mbili hutajua ipi imefanya nini. Weka 60 mahali pa 20, uone dhoruba, irudishe. Weka 1.5 mahali pa 4, kisha 9. Mimi naona kati ya sekunde 3 na 5 ndipo mtumbwi mdogo unapoonekana kuwa na uzito wake halisi: chini ya hapo unafanana na kizibo, na juu ya hapo unafanana na meli.

Ukiridhika, ongeza mitumbwi mingine minne. Yote ikipanda kwa pamoja itaonekana kama imepigiliwa kwenye ubao mmoja, kwa hiyo kila mmoja apewe wimbi linalofika kwa zamu yake. Badala ya mstari wa y na ule wa fillRect, weka hii:

for (let i = 0; i < 5; i++) {
  const x = 80 + i * 110;
  const pembe = 2 * Math.PI * (t / 4 - x / 550);
  const y = 150 + 20 * Math.sin(pembe);
  const mwinamo = -20 * 2 * Math.PI / 550 * Math.cos(pembe);
  k.save();
  k.translate(x, y);
  k.rotate(Math.atan(mwinamo));
  k.fillRect(-30, -7, 60, 14);
  k.restore();
}

Hakikisha clearRect inabaki juu ya kitanzi hiki, la sivyo kila mtumbwi utamfuta mwenzake. Hapa 550 ni urefu wa wimbi kwa pikseli, kutoka kilele hadi kilele. Alama ya kutoa ndani ya mabano hulifanya wimbi litembee kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitaka litoke kulia, weka kujumlisha, na uondoe alama ya kutoa mwanzoni mwa mwinamo. Kosini imeingia kwa sababu ndiyo inayoeleza mwinamo wa sini mahali popote: kileleni na bondeni mwinamo ni sifuri, na katikati ndipo maji yanapoinama zaidi. Math.atan huugeuza mwinamo huo kuwa pembe, ambayo kwa namba hizi haizidi digrii 13. Mtazamaji hataiona hesabu hiyo, lakini ukiufuta mstari wa rotate utatambua mara moja kwamba uhai umepungua.

Hata hivyo, ziwa halina wimbi moja. Jumlisha kwenye y sini ya pili iliyo ndogo, kwa mfano 6 * Math.sin(2 * Math.PI * t / 2.7), na mchoro utaacha kujirudia kwa namna inayochosha. Chagua mizunguko isiyogawanyika vizuri: 4 na 2 hujirudia kila baada ya sekunde 4, na jicho hulitambua hilo haraka, ilhali 4 na 2.7 hazirudi mwanzo hadi sekunde ya 108.

Kanuni hiyohiyo hufaa kwa taa za wavuvi wa dagaa, zile zinazolifanya ziwa lionekane kama mji katika usiku usio na mwezi. Math.random, inayotoa namba za kubahatisha, ikiitwa kila mchoro huifanya taa iparanganyike vibaya. Mwanga uliopimwa kwa 0.75 + 0.15 * Math.sin(7 * t) + 0.1 * Math.sin(11.3 * t), ukiwekwa kwenye k.globalAlpha, inayoamua rangi ionekane kwa nguvu kiasi gani, hupumua kama mwali halisi, na haushuki chini ya 0.5 wala kuzidi 1.

Kwa mwewe anayezunguka juu ya soko la samaki, tumia kosini kwa x na sini kwa y, kila moja ikiwa na kimo chake, nawe utapata duara lililobonyea. Ukiizidisha pembe ya sini kwa 2, mwewe atachora umbo la nane. Maumbo ya jamii hiyo huitwa kwa jina la Mfaransa Jules Antoine Lissajous, aliyeyachunguza mwaka 1857, na mtu anaweza kumaliza jioni nzima akijaribu 2 kwa 3 au 3 kwa 5.

Si kila mwendo ni wa kurudiarudia. Kivuko kinachotoka Kamanga hupunguza kasi kinapokaribia gati la Mwanza. Tafuta sehemu ya muda iliyopita, p = Math.min(t / 6, 1), ambapo 6 ni sekunde za safari nzima, kisha zidisha umbali wote kwa 1 - Math.pow(1 - p, 3): nusu ya muda ikiisha, kivuko kitakuwa kimekwisha kusafiri asilimia 87.5 ya njia, na kilichobaki kitakimaliza polepole.

Jambo moja usilisahau kabla ya kuiweka kazi yako hadharani: wapo watu wanaopata kizunguzungu kwa michoro inayoyumba, na baadhi yao wameshaieleza simu yao hivyo katika mipangilio. Iulize kwa window.matchMedia("(prefers-reduced-motion: reduce)").matches, na jibu likiwa ni kweli, usiite requestAnimationFrame kwa mara ya pili. Ichore mitumbwi mara moja, ikiwa imetulia majini.