Ufa kwenye mkono wa tela: tafuta ncha yake kabla ya kuchomelea

Tela la trekta linalotoa tumbaku au mahindi mashambani Urambo huchoka kwanza pale mkono wa kuvutia ulipochomelewa kwenye fremu. Ukipata mkono uliokwisha kukatika, utazame vizuri. Upande mmoja ni laini, umeshika kutu, una mistari iliyopinda kama pete za mti. Huo ni ufa uliotembea kidogo kidogo kwa muda mrefu. Upande wa pili unang'aa na unakwaruza kidole: hicho ndicho chuma kilichobaki kikibeba kila kitu mpaka kikashindwa.

Kila shimo la barabara huvuta chuma na kukiachia. Mzigo hauhitaji kufikia kiwango cha kukipinda. Ukingo wa weld (mshono wa kuchomelea) unatosha, maana nguvu hujikusanya hapo. Ufa ukishaanza, kuzidisha mzigo ni hatari kuliko watu wanavyodhani: mkazo, yaani nguvu inayovuta chuma, ukiongezeka kwa asilimia 20, ufa hutembea karibu mara 1.7 kwa kasi. Mkazo ukiwa maradufu, karibu mara 8. Na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo unavyokimbia.

Kukagua hakuhitaji vifaa vya ghali. Shusha mzigo, sugua rangi na kutu kwa brashi ya waya, sentimita 10 kila upande wa weld. Usianze na grenda, kwa sababu hupaka chuma juu ya ufa na kuuziba. Safisha kwa petroli mbali na moto, acha pakauke. Paka mafuta ya taa, subiri dakika 30, futa mpaka pawe pakavu kabisa. Kisha paka unga wa chaki nyeupe uliokorogwa na spiriti. Mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Fuata mstari huo mpaka unapoishia: hapo ndipo ncha ya ufa.

Kama huna namna ya kuchomelea siku hiyo, toboa tundu la milimita 8 hadi 10 kwenye ncha yenyewe au mbele yake kidogo. Ukitoboa nyuma ya ncha umepoteza muda, ufa umeshapita. Lainisha kingo za tundu, rudia chaki. Tundu linachelewesha tu. Rudisha tela likiwa tupu.

Kwenye ukarabati, kosa tunaloliona zaidi ni kupitisha weld juu ya ufa. Chini yake ufa bado upo. Uchimbe wote kwa umbo la V mpaka chuma kizima, hakikisha kwa chaki, safisha mafuta yote, ndipo uchomelee kwa elektrodi (vijiti vya kuchomelea) za aina ya 7018 zilizo kavu. Litenganishe tela na trekta, na ubane waya wa ethi karibu na weld ili umeme usipite kwenye bearingi. Malizia kwa kusaga kufuata mwelekeo ambao chuma huvutwa. Ukiongeza bati la kuimarisha, lichonge ncha zake ziwe nyembamba. Weld inayokatiza mkono kwa upana ndiko ufa mpya unakoanzia.

Baada ya safari mbili tatu zenye mzigo, rudi na chaki palepale.