Chanjo ya Mtoto Mdogo: Namna ya Kuamua na Namna ya Kujiandaa

Mzazi anayesita kumchanja mwanawe huulizwa swali moja, kwamba anakubali chanjo au hakubali, na kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalomkwamisha, kwa kuwa ni kubwa mno na halina pa kulishikia. Namshauri aliweke kando. Achukue ratiba ya chanjo ya nchi yake, asome jina la kila ugonjwa uliotajwa humo, kisha kwa kila mmoja aulize mambo matatu: mtoto huupata kwa njia gani, humdhuru zaidi akiwa na umri gani, na chanjo yenyewe inaweza kumletea nini.

Aanze na kifaduro, kwa sababu ugonjwa huu unafundisha mengi. Mtoto mkubwa mwenye kifaduro hukohoa mfululizo, kisha huvuta pumzi kwa mlio unaotambulika hata na aliye chumba cha pili. Kichanga wa miezi miwili huenda asitoe mlio wowote. Hukakamaa, midomo ikageuka rangi ya buluu, na pumzi ikakatika kwa muda. Mara nyingi huwa ameambukizwa na mtu wa nyumbani mwake aliyedhani ana kikohozi cha kawaida. Ndiyo maana dozi ya kwanza hupangwa mapema, katika nchi nyingi kwenye wiki ya 6 au mwezi wa 2, na mahali pengi mama huchanjwa akiwa bado mjamzito, ili kingamwili zake zimfikie mtoto kupitia kondo la nyuma na kumlinda katika majuma ya kwanza.

Ukiendelea kusoma ratiba kwa jicho hilo, utaona kwamba tarehe zake hazikupangwa kwa kubahatisha. Mtoto anayeambukizwa homa ya ini aina ya B wakati wa kuzaliwa, bila kinga, ana uwezekano wa takriban 9 kwa 10 wa kubaki na virusi hivyo kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote, na kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Chanjo ya surua, kinyume chake, husubiri hadi mtoto afikishe miezi 9 au 12, kwa kuwa kingamwili alizorithi kwa mama zingeweza kuidhoofisha kabla haijafanya kazi. Anayeahirisha mpaka mtoto "akomae kidogo" naye ameamua: amechagua kumwacha wazi katika miezi ile ambayo baadhi ya magonjwa haya huua zaidi.

Wapo wanaotegemea kwamba watoto wa wengine wakichanjwa, wao watakuwa salama. Kwa pepopunda matumaini hayo hayana msingi hata kidogo, kwani vijidudu vyake hukaa udongoni na huingia kupitia kidonda, si kupitia mtu mwingine. Kwa surua yana ukweli kiasi, lakini ukweli wenyewe ni mwembamba: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, virusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka chumbani, na ili mlipuko uzuiwe inabidi watu wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga. Familia chache tu zikingojea wenzao, ukuta huo unabomoka.

Sasa tuje kwenye hofu, ambayo haifai kubezwa. Dhana kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela husababisha usonji ilipata nguvu kutokana na makala ya mwaka 1998 yaliyohusu watoto 12 tu. Jarida la kitabibu la Lancet, lililokuwa limeyachapisha, liliyafuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, nao hawakuona usonji ukiongezeka kwa waliochanjwa. Hata hivyo namwelewa mzazi anayesema, "Niliona kwa macho yangu." Dalili za usonji huanza kuonekana wazi katika umri uleule ambao chanjo hiyo hutolewa, hivyo mambo mawili yanayofuatana huonekana kama moja limezaa jingine.

Hofu nyingine ni wingi wa sindano kwa siku moja. Mwili wa mtoto hukutana na vijidudu vingi mno kila siku, tangu anyonye na kutia vidole mdomoni, na chanjo zote za leo kwa pamoja zina viini vichache vya kuamsha kinga kuliko chanjo chache za miaka ya 1980. Kuzigawa kwa siku tofauti huongeza safari, vilio na siku ambazo mtoto hana kinga.

Madhara yapo, na mtoa chanjo mwaminifu atakuambia. Ya kawaida ni homa, uchovu, na wekundu au uvimbe pajani. Mara chache homa inayofuata chanjo ya surua huleta degedege, ambalo kwa kawaida hupita bila kuacha athari. Matone ya rota, yaani chanjo ya mdomoni ya kuzuia kuharisha kukali, yanaweza, kwa nadra sana, kusababisha utumbo kujikunja. Mzio mkali wa mwili mzima hutokea takriban mara 1 katika dozi milioni.

Mafua, kikohozi chepesi au kuharisha kidogo si sababu ya kuahirisha. Kinachohitaji daktari kwanza ni mtoto mgonjwa mahututi, aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia, au mwenye kinga dhaifu sana, kwa kuwa huyu wa mwisho huenda asipewe chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto njiti kwa kawaida huchanjwa kwa kuhesabu tangu siku aliyozaliwa.

Siku ya chanjo, beba kadi na umvike mtoto nguo inayofunuka upesi mapajani. Uliza ni chanjo gani anapewa, utarajie nini usiku huo, na urudi lini. Usimpe parasetamoli kabla ya sindano. Usimlaze kitandani peke yake. Mpakate wima au nusu wima, mguu mmoja ukiwa umetulizwa kwa kiganja chako, na kama ananyonya mwanzishe kabla sindano haijaingia, aendelee kunyonya sindano ikiwa ndani na baada ya kutolewa. Utaona uso ukikunjamana, titi likiachiwa kwa kilio kimoja, kisha likitafutwa tena. Baadaye kaeni hapo kituoni dakika 15 hadi 30, maana mzio mkali ukija huja mapema.

Nyumbani, homa ya chanjo nyingi huja ndani ya siku 1 au 2, lakini ya surua huweza kuja baada ya wiki moja au zaidi, wakati umeshasahau. Dawa ya homa ipimwe kwa uzito wa mtoto, na aspirini asipewe kamwe. Kidonda kidogo cha chanjo ya kifua kikuu, ambacho hutokea baada ya wiki kadhaa na kuacha kovu, kisipakwe wala kukamuliwa. Mpeleke hospitali mara moja akipumua kwa shida, akivimba midomo, akipata degedege, akilia zaidi ya saa 3 bila kunyamaza, au akiwa chini ya miezi 3 na homa yake imefika nyuzi 38. Usijiaminishe kwamba ni chanjo tu.

Ikiwa dozi imekupita, kwa kawaida huanzi upya: unaendelea pale ulipoishia, na muuguzi hupanga tarehe zilizobaki. Piga kadi picha kila baada ya miadi, kwa kuwa kadi ikipotea, picha hiyo ndiyo itakayomwonyesha muuguzi mtoto alipoishia.