Kabla Hujaiwasha Darubini ya Kompyuta kwa Usiku wa Kwanza

Darubini yenye mota na rimoti inaweza kukupeleka kwenye Zohali kwa kubonyeza vitufe viwili. Inaweza pia kukutoa jasho hadi usiku wa manane bila kukuonyesha nyota hata moja. Mara nyingi kosa haliko angani wala kwenye vioo. Liko kwenye umeme, au kwenye tarakimu chache ulizoandika vibaya pale mwanzo. Kwa hiyo kazi kubwa ifanye mchana, ukiwa unaona skrubu na umetulia.

Chagua usiku wenyewe kwanza. Mwezi wa siku ya saba hivi tangu uandame ndio mzuri kwa kuanzia: jioni unakuwa juu, na mashimo yake yanaonekana kwa vivuli virefu. Mwezi mpevu unafuta vitu hafifu vyote. Masika usipoteze muda. Juni hadi Septemba anga ya bara huwa kavu zaidi.

Stendi iweke kwenye ardhi ngumu. Miguu usiivute hadi mwisho, maana ikiwa mirefu picha hutetemeka kila unapogusa kirungu cha fokasi, kile cha kufanya picha iwe kali. Weka pima maji juu ya stendi kabla ya kupandisha darubini, si baada.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Darubini nyingi za aina hii zinataka voti 12. Zile zinazobeba betri nane za AA ndani zitakuonyesha kwamba zinawaka, lakini mota zikizunguka kwa kasi betri hizo huchoka haraka. Betri za kuchaji nazo zina upungufu wao: nane za voti 1.2 ni voti 9.6 tu. Umeme ukipungua, darubini haizimiki kistaarabu. Inaanza kukimbia upande usioagizwa, inasimama njiani, au inasahau kila kitu ulichoifundisha. Kwenye darubini za NexStar za kampuni ya Celestron utaona ujumbe wenye namba 16 au 17, maana yake rimoti haipati jibu kutoka kwa mota ya mlalo au ya wima. Kabla ya kutafuta fundi, badilisha betri na kagua waya.

Betri ndogo ya voti 12 na ampea-saa 7, kama zile za ndani ya UPS, inatosha kwa jioni nzima. Ncha ya kati ya plagi iwe chanya. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Usiunganishe darubini moja kwa moja kwenye paneli ya sola hata kama imeandikwa voti 12, kwa sababu paneli hiyo ikiwa juani bila mzigo inatoa hadi voti 20 hivi. Chaja ya laptopu ya voti 19 nayo isikaribie. Ukitumia betri ya gari, mtu asiwashe injini wakati darubini inafanya kazi: voti zinashuka ghafla na kompyuta inajizima.

Kilengeo, ile darubini ndogo ya ubavuni au kile cha nukta nyekundu, kirekebishe mchana. Tafuta mnara wa simu ulio mbali kilomita moja au zaidi, uweke katikati ya lenzi ya jicho ya milimita 25, kisha zungusha skrubu za kilengeo hadi nacho kionyeshe ncha ileile. Usilikimbie zoezi hili. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1500 ikiwa na lenzi ya 25 inakuza mara 60, na inaona kipande cha anga kisichofika nyuzi moja. Kilengeo kikipotoka kidogo tu, nyota haimo. Na wakati wa zoezi hilo usielekeze kitu chochote kwenye jua, wala usiiache darubini na watoto mchana bila kifuniko. Jicho linaungua papo hapo, na haliponi.

Sasa saa. Hapa ndipo watumiaji wa Kiswahili hunaswa kuliko wengine, na kitabu cha maelekezo hakitamwonya yeyote.

Chukua mtu aliye Dodoma katikati ya Januari, saa mbili usiku. Rimoti inamuuliza saa, anaandika 02:00, kwa sababu ndivyo saa ilivyo kichwani mwake. Kompyuta inaelewa saa nane za usiku. Angani, nyota angavu ya Sirius iko mashariki, imepanda kiasi cha nyuzi 35. Kompyuta inaamini imeshapita juu na inashuka magharibi, ikiwa bado na nyuzi 55. Anaichagua Sirius, mota zinanguruma, na bomba la darubini linaipa nyota mgongo. Anadhani dira ndiyo imekosea, anageuza stendi nzima. Sasa bomba limeelekea mashariki lakini liko nyuzi 20 juu ya nyota. Anaishusha kwa vitufe, anaiweka katikati, anakubali, anakwenda nyota ya pili, na hiyo iko kando kabisa. Rimoti inasema ulinganishaji, yaani kuifundisha darubini anga kwa nyota chache, umeshindwa. Anazima, anaanza upya, na anaandika tena 02:00. Kufikia saa nne darubini imerudi kwenye boksi, na mwenye nayo anaamini ameuziwa kitu kibovu.

Darubini ilikuwa nzima. Anga inazunguka nyuzi 15 kila saa, na kosa la saa sita ni robo ya mbingu. Saa mbili usiku iandike 20:00. Kama rimoti inataka mfumo wa saa 12, andika 8:00 kisha chagua PM. Ukiacha AM, itakuambia Sirius iko chini ya upeo wa macho wakati unaiona kwa macho yako.

Tarehe nayo ina mtego, kwani nyingi zinataka mwezi kwanza. Tarehe 5 Agosti ukiiandika 05/08, kompyuta inasoma 8 Mei, na hapo tena umepotea karibu nyuzi 88. Kanda ya saa ni +3 kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni +2. Muscat ni +4. Rimoti ikiuliza kuhusu saa za majira ya joto, jibu ni hapana.

Mahali: kuchagua mji wa karibu kwenye orodha kunatosha. Ukiandika mwenyewe, angalia herufi. Dar es Salaam ni kusini, S, na mashariki, E. Rimoti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi huanza na N na W, na W badala ya E ni kosa la zaidi ya saa tano. Simu ikikupa -6.79 na 39.28, hizo ni desimali. Zidisha sehemu ya desimali kwa 60, upate nyuzi 6 dakika 47 na nyuzi 39 dakika 17.

Maelekezo yakikuambia uitafute Polaris, nyota ya kaskazini, pita. Kutoka Dar au Mombasa iko chini ya upeo daima. Kwa sababu hiyohiyo, epuka stendi ya kiikweta, ile yenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga. Nyingi hazikunjiki vizuri hadi latitudo ndogo kama zetu. Ile ya kupanda na kuzunguka ndiyo yetu, ila ina udhaifu mmoja: kitu kikiwa karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, mota ya mlalo inalazimika kuzunguka upesi sana na inakipoteza. Subiri kishuke chini ya nyuzi 80.

Kwa ulinganishaji chagua nyota mbili angavu zilizo mbalimbali, zisizo utosini wala karibu na upeo. Januari una Sirius, Canopus na Rigel. Julai una Arcturus, Antares na Rigil Kentaurus. Jifunze majina yake mapema, maana rimoti haitakuonyesha kwa kidole. Kila unapoiweka nyota katikati, malizia kwa kitufe cha juu na cha kulia, ili meno ya gia yakae upande mmoja. Baada ya hapo usiisukume darubini kwa mkono.

Ukitumia simu badala ya rimoti, pakua programu ukiwa bado na intaneti, iruhusu kusoma mahali ulipo, na zima data. Simu nyingi zikiona Wi-Fi ya darubini haina intaneti, zinaiacha kimyakimya.

Anza na lenzi ya 25, si ya 9. Ukiona duara lenye tundu jeusi katikati, hiyo si sayari. Ni nyota ambayo fokasi yake haijakaa sawa. Zungusha kirungu hadi iwe nukta. Zohali ikikuonyesha pete nyembamba kuliko za kwenye picha, usihangaike na skrubu: Machi 2025 pete hizo zilitugeuzia ukingo, na zinafunguka polepole mwaka hadi mwaka.

Pwani, umande ni adui wa kila usiku. Ivishe darubini kofia ya umande, ile kinga ya mbele ya kioo, hata ya godoro jembamba lililoviringishwa. Usiitoe kwenye chumba cha kiyoyozi moja kwa moja. Kioo kitajaa ukungu. Itoe muda wa saa moja kabla ya kuitumia. Kioo kikilowa usikifute kwa shati. Tochi iwe nyekundu. Mwambie mlinzi na jirani unachofanya, maana bomba refu gizani linatia watu hofu. Waya ziwe kando ya njia ya watu. Na ukirudi ndani usifunike kioo kikiwa na unyevu. Kiache wazi hadi kikauke, ndipo ufunge boksi, kwa sababu ukungu wa fangasi ukishakula kioo hautoki kwa kusafisha.